Farasi wa mwendo laini: sikio kwanza, jicho la pili, jina mwisho

Asubuhi mjini Tabora, mkokoteni wa maji ukipita juu ya lami, sikiliza kwato za punda. Akitembea, zinagonga mara nne kwa nafasi sawa, kisha zinaanza upya. Mwenye mkokoteni akimkemea akaongeza mwendo, yale mapigo manne yanageuka mawili, pa, pa, kama wanafunzi kwenye mchakamchaka. Miguu bado ni minne, ila sasa inatua miwili miwili. Anayesikia tofauti hiyo ana nusu ya elimu ya kutambua miendo ya farasi, hata wale ambao huku kwetu tunawaona kwenye simu tu.

Nasema kwenye simu kwa sababu farasi ni wachache sana Unyamwezi. Miombo yetu ina mbung'o, na mbung'o hubeba vimelea vya nagana, ugonjwa unaoua mifugo. Kuna pia visubi, wale wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao ukimpata farasi asiyechanjwa mara nyingi humuua. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja Tabora alikuwa na farasi wawili. Wote walimfia njiani, mapema kabisa. Punda huhimili zaidi, ndiyo maana mkokoteni ni wake. Lakini video za farasi wa Iceland, Peru, Brazili na Marekani zinatufikia kila siku: mnyama anakwenda kasi, mpandaji ametulia juu kama amekaa barazani. Na jina la mwendo linalotajwa mara nyingi si lake.

Wengi wanakosea kwa sababu wanaanza na jina la mbegu ya farasi, au kasi, au namna anavyonyanyua magoti. Hakuna kati ya hivyo kinachoamua mwendo. Mwendo ni saa: mguu upi unatua, na baada ya muda gani mguu mwingine unatua.

Kamba moja, ncha mbili

Chukua miendo miwili ambayo haina utata. Ya kwanza ni troti. Mguu wa nyuma wa kushoto unatua pamoja na wa mbele wa kulia, kisha wa nyuma kulia pamoja na wa mbele kushoto. Miguu inashirikiana kwa mshazari. Ya pili ni pesi: nyuma kushoto na mbele kushoto pamoja, kisha upande wa kulia wote pamoja. Hapa miguu inashirikiana kwa ubavu, kama ngamia anapokimbia.

Miendo hii miwili inamchosha mpandaji kwa sababu ileile. Kati ya pigo na pigo, farasi anaruka: kuna kipindi kifupi ambapo hakuna mguu hata mmoja ulio chini. Mwili wake wenye kilo mia kadhaa unapanda, unashuka, na aliyeketi juu anapanda na kushuka nao. Kwenye troti anarushwa juu na chini. Kwenye pesi anarushwa ubavu kwa ubavu, na kiuno hulipa.

Sasa funga kamba kati ya ncha hizo mbili, pesi huku na troti kule. Miendo laini yote imening'inia kwenye kamba hiyo. Mpangilio wa miguu haubadiliki: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Ni mpangilio uleule wa kutembea. Kinachobadilika ni nafasi kati ya mguu wa nyuma na mguu wa mbele wa upande uleule. Ukiipunguza nafasi hiyo hadi sifuri, umefika kwenye pesi. Ukiipanua hadi nusu ya duru nzima ya hatua, umefika kwenye troti. Ukiiweka robo kamili, unapata mapigo manne yaliyo sawa, katikati ya kamba.

Kwa kuwa miguu haitui kwa jozi kamili, mmoja unapoinuka mwingine umeshaanza kubeba. Mwili haupati nafasi ya kurushwa. Waaisilandi huonyesha jambo hili kwa kukimbiza farasi huku wameshika glasi ya bia iliyojaa, na haimwagiki.

Sikio

Tafuta sakafu ngumu. Lami inafaa, na udongo mwekundu ulioshindiliwa ukakauka unafaa. Mchanga wetu mwingi wa Tabora haufai kwa kusikiliza kwa sababu unameza sauti. Utatufaa baadaye kwa kazi nyingine. Wafugaji wa farasi wa Paso Fino huko Kolombia na Puerto Rico wanalijua hilo vizuri: kwenye mashindano yao hulaza ubao mrefu chini, farasi akapita juu yake, na waamuzi wakasikiliza kama mapigo yameachana sawasawa. Kosa la sehemu ndogo ya sekunde linasikika pale wazi kabisa.

Funga macho, kisha linganisha na maneno haya. Ukisikia "pa... pa...", mapigo mawili kwa duru, ni troti au pesi. Ukisikia "haraka... haraka...", yaani matatu halafu kimya kidogo, ni kanta, mbio ndogo za kuruka. Ukisikia "katakata, katakata", manne sawa bila kituo, uko katikati ya kamba. Ukisikia "twende... twende...", manne yaliyoganda mawili mawili, uko mahali fulani kati ya katikati na mojawapo ya ncha.

Hapo kwenye "twende... twende..." ndipo wengi wanapoanguka, na ningependa msomaji akae hapo kidogo. Sikio haliwezi kukuambia ni ncha ipi. Farasi aliyeegemea pesi hugonga nyuma kushoto na mbele kushoto karibu karibu, kisha kituo, kisha nyuma kulia na mbele kulia. Farasi aliyeegemea troti hugonga mbele kushoto na nyuma kulia karibu karibu, kisha kituo, kisha jozi nyingine ya mshazari. Kwa sikio, yote mawili ni "twende... twende...". Sikio linaamua kama mapigo ni sawa au si sawa. Nani ameshirikiana na nani, hiyo ni kazi ya jicho. Anayekuambia kwamba alijua foksitroti, mwendo mmojawapo wa upande wa troti, kwa kusikia tu, bila kuangalia, alibahatisha.

Jihadhari pia na sauti za uongo. Kiatu cha chuma kilicholegea kinatoa mlio wa ziada, ukadhani kuna pigo la tano. Mlio wa "kling" wa chuma kwa chuma ni kwato ya nyuma kugonga kiatu cha mbele: mguu wa mbele umechelewa kuondoka, mara nyingi kwa sababu ncha ya kwato imeachwa ndefu au mnyama amechoka.

Jicho

Jicho peke yake hudanganywa na kasi. Kwa karne nyingi wachoraji walichora farasi wa mbio akiwa hewani na miguu yote imenyooka, ya mbele mbele, ya nyuma nyuma. Mwaka 1878 huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera kumi na mbili kwenye mstari, na picha zikaonyesha kwamba farasi wa shoti huwa hewani pale miguu inapokusanyika chini ya tumbo. Watu waliishi na farasi maisha yao yote na hawakuliona hilo. Kwa hiyo usione aibu kuhitaji msaada.

Njia rahisi bila chombo: usiangalie miguu minne. Chagua ubavu mmoja, ulio karibu nawe. Tazama kwato ya nyuma ikitua, kisha jiulize jambo moja tu: kwato ya mbele ya ubavu huohuo iko wapi wakati huo? Ikiwa nayo inatua karibu pamoja nayo, farasi ameegemea pesi. Ikiwa ndiyo kwanza inaondoka ardhini kwenda mbele, ameegemea troti. Ikiwa iko hewani, katikati ya safari yake, basi mapigo yake yako karibu na usawa. Rudia mara kumi kabla ya kusema neno. Mazoezi ya siku mbili tatu kwa punda yatakufanya uone jambo hili bila kufikiri.

Mkia nao husema. Kwenye pesi hupepea kushoto na kulia kwa sababu kiwiliwili kinayumba. Kwenye troti na foksitroti hudunda juu na chini. Kwenye mapigo manne sawa, hutulia au hutetemeka kidogo tu.

Kupima kwa simu

Ukitaka uhakika, pima. Mwaka 1965 mtaalamu wa wanyama Milton Hildebrand alichapisha kwenye jarida la Science namna ya kueleza mwendo wa mnyama wa miguu minne kwa namba mbili tu. Namba ya kwanza ni asilimia ya duru ya hatua ambayo mguu mmoja hukaa chini. Ya pili ni asilimia ya duru inayopita kati ya kutua kwa mguu wa nyuma na kutua kwa mguu wa mbele wa upande uleule. Hii ya pili ndiyo kipimo cha kamba yetu.

Weka simu kwenye hali ya picha za polepole, fremu 240 kwa sekunde kama inazo, 120 kama hazipo. Simama mita 8 hadi 10 kutoka njia ya farasi, simu ikiwa usawa wa kiwiko chake, si usawa wa macho yako. Ukipiga kutoka juu, majani na vumbi vitaficha mahali kwato inapogusa. Farasi apite mbele yako kwa mstari ulionyooka, kwenye tambarare, bila kubadilisha kasi. Kabla ya hapo zungusha plasta pana nyeupe juu ya kwato mbili za kushoto. Usiruke hatua hii. Kosa kubwa kuliko yote ni kuchanganya mguu wa karibu na wa mbali, na ukichanganya, troti itaonekana pesi.

Kisha sogeza video fremu moja moja. Tafuta fremu ambayo kwato ya nyuma kushoto imegusa, andika namba. Tafuta mbele kushoto imegusa, andika. Endelea hadi nyuma kushoto iguse tena. Tuseme nyuma kushoto iligusa fremu ya 0 na tena fremu ya 120: duru ni nusu sekunde. Mbele kushoto ikiwa imegusa fremu ya 30, umepata asilimia 25, katikati kabisa. Fremu ya 14 ni kama asilimia 12, umeegemea pesi. Fremu ya 48 ni asilimia 40, umeegemea troti. Fremu ya 60 ni troti yenyewe.

Mimi hutumia mipaka hii: 0 hadi 6 ni pesi, 6 hadi 19 ni jozi za ubavu, 19 hadi 31 ni mapigo manne sawa, 31 hadi 44 ni jozi za mshazari, 44 hadi 50 ni troti. Pima duru tano mfululizo, si moja. Farasi anayeruka kutoka 12 hadi 28 ndani ya mita ishirini hana mwendo mmoja wa kutajwa jina, bado anatafuta.

Video ya kawaida ya fremu 30 kwa sekunde haitoshi. Duru ya nusu sekunde itakuwa na fremu 15 tu, na kukosea fremu moja ni kukosea karibu asilimia 7. Huwezi kutenganisha 25 na 18 kwa chombo hicho. Na ziko simu zinazodai kupiga polepole, kumbe hurekodi fremu 30 na kubuni zilizobaki. Utazitambua kwa kwato inayoonekana kama moshi au kama kwato mbili kwa pamoja. Hizo usizipimie.

Majina, sasa

Farasi wa Tennessee, wanaoitwa Tennessee Walking Horse, wana mwendo ambao ni kutembea kulikokuzwa: mpangilio uleule, mapigo manne sawa, ila kasi inapanda hadi kilomita 10 au 16 kwa saa, wakati kutembea kwa kawaida ni 6 au 7. Hauongezi kasi kwa kuharakisha miguu bali kwa kurefusha hatua. Kwato ya nyuma inapita alama ya kwato ya mbele na kutua mbele yake, sentimita 15 hadi 45. Kichwa kinainama na kuinuka kwa mdundo wa miguu. Kwa kawaida utahesabu miguu miwili au mitatu chini, si mmoja.

Raki ya farasi wa American Saddlebred na tolti ya farasi wa Iceland nayo ni mapigo manne sawa, kwa hiyo ukiyasikia tu utadhani ni ule wa Tennessee. Tofauti iko kwenye ile namba ya kwanza ya Hildebrand. Hapa kila mguu hukaa ardhini kwa muda usiofika nusu ya duru, hivyo ukisimamisha video utakuta mguu mmoja chini, kisha miwili, kisha mmoja, kisha miwili. Mgongo umekazwa kidogo, kichwa kimetulia, hakiitikii. Tolti ina upana wa ajabu wa kasi: kuanzia hatua ya kutembea hadi zaidi ya kilomita 30 kwa saa bila mpangilio kubadilika. Farasi wa Iceland wengine wana mwendo wa tano, skeið, ambao ni pesi ya kuruka ya masafa mafupi, na hukaribia kilomita 48 kwa saa. Wenyewe hawaitumii kusafiri. Ni ya mbio.

Saddlebred ana pia mwendo wa polepole wa jozi za ubavu, ule wa "twende... twende..." upande wa pesi. Miguu ya ubavu mmoja huinuka karibu pamoja, lakini wa nyuma unatangulia kutua. Kule kutangulia kidogo ndiko kunakoondoa mrusho wa pesi.

Foksitroti ya Missouri Fox Trotter iko upande wa pili wa kamba. Mguu wa mbele unatua kitambo kidogo kabla ya mwenzake wa mshazari wa nyuma. Wa mbele kwanza: hilo ndilo la kuangalia, kwa sababu ukiona wa nyuma unatangulia mwenzake wa mshazari, hiyo si foksitroti. Wamarekani husema farasi huyu anatembea kwa mbele na kutroti kwa nyuma. Msemo huo unafundisha vibaya. Miguu ya mbele na ya nyuma lazima imalize duru kwa muda uleule, la sivyo mnyama angejikwaa mwenyewe baada ya hatua tatu. Kinachoonekana ni kwamba ya mbele inakaa chini kwa muda mrefu zaidi, na ya nyuma inateleza na kutua juu ya alama za ile ya mbele.

Farasi wa Peru ana paso llano, mapigo manne sawa au yaliyoegemea ubavu kidogo, na sobreandando, wa kasi zaidi na ulioegemea ubavu zaidi. Atakuchanganya kwa término, namna mguu wa mbele unavyochora upinde kwenda nje kabla ya kutua, kama mkono wa mwogeleaji. Upinde wa kweli unatoka begani. Ukitoka gotini kwenda chini, huo ni upogo wa mguu, na utachosha viungo. Paso Fino naye ana mwendo mmoja kwa hatua za urefu tofauti: fino, ambapo kwato zinagonga haraka mno lakini mnyama anasogea kidogo, kisha corto wa kusafiria, kisha largo wa kasi.

Mangalarga Marchador wa Brazili wana marcha mbili, na hapa kamba yetu inaonekana vizuri kuliko mahali pengine popote: marcha batida imeegemea mshazari, marcha picada imeegemea ubavu. Mbegu moja ya farasi, pande mbili za katikati. Kusini mwa Afrika, farasi wa Lesotho na baadhi ya Boerperd wa Afrika Kusini wana mwendo laini unaoitwa trippel kwa Kiafrikaans. Kwa Kiswahili tunalo neno telki, mwendo wa haraka wa punda au farasi, ingawa leo halisikiki sana.

Asili ya uwezo huu kwa kiasi kikubwa imo kwenye damu. Mwaka 2012 kundi la watafiti lililohusisha Leif Andersson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, lilieleza badiliko kwenye jeni iitwayo DMRT3, inayofanya kazi kwenye neva za uti wa mgongo zinazopanga zamu za miguu. Kwa farasi wa Iceland, wenye nakala mbili za badiliko hilo ndio kwa kawaida wanaoweza ile pesi ya kuruka. Wenye nakala moja huishia kwenye tolti.

Mchanga unasema nini, na hausemi nini

Hapa ndipo mchanga wetu unapofaa. Fagia njia ya mita kumi, mpitishe mnyama, kisha pima kwa futi ya kamba kutoka ncha ya alama ya mbele hadi ncha ya alama ya nyuma ya upande uleule. Ikiwa ya nyuma imetua juu ya ya mbele au nyuma yake kidogo, hakuna kupita. Ikiwa imepita kwa sentimita 20 au zaidi huku mnyama akiwa na mapigo manne, unaangalia hatua ndefu ya aina ya Tennessee, au mnyama mwenye mgongo mfupi na nyonga zenye uhuru.

Lakini alama ni urefu, si muda. Farasi wa pesi na farasi wa raki wanaweza kuacha alama zinazofanana kabisa. Usimtaje farasi kwa alama peke yake.

Kinachoharibu mwendo

Farasi huteleza kuelekea pesi anapokaza mgongo ukabonyea. Sababu huwa karibu: tandiko limebana mabega, hatamu imevutwa bila kuachiwa, lijamu inaumiza mdomo, mpandaji ameegemea nyuma sana, au mnyama amechoka. Utalisikia kabla ya kuliona: "katakata" inaanza kuwa "twende". Usimpige. Mrudishe kwenye kutembea, mwache ashushe shingo, kisha mpitishe kwenye mchanga mzito au juu ya miti myembamba iliyolazwa chini, moja moja. Mchanga na miti vinamlazimisha kuinua kila mguu kwa zamu yake, na jozi za ubavu huachana. Anayeteleza kuelekea troti anahitaji kinyume chake: ardhi ngumu, tambarare, na mpandaji anayemkusanya kidogo kwa mbele bila kumwongezea kasi.

Kwato nazo. Ncha ndefu ya mbele huchelewesha mguu kuondoka na kubadilisha zamu yote. Wako waliolitumia hilo kwa makusudi, kwa viatu vizito, minyororo, hata dawa za kuchoma ngozi ya miguu ili farasi wa Tennessee anyanyue miguu juu kwa maumivu. Marekani ilitunga sheria dhidi ya ukatili huo mwaka 1970. Mguu unaonyanyuliwa kwa maumivu si mwendo, hata ukipewa kombe. Ukiona farasi anakaribia kukaa kwa nyuma huku miguu ya mbele ikirushwa juu kama anakwepa moto, usiitumie video hiyo kujifunzia.

Kichwa kinachoitikia

Nimeacha kichwa hadi sasa kwa sababu kinahitaji uangalifu. Kwenye kutembea, hatua ya Tennessee na foksitroti, kuitikia kwa kichwa ni kawaida. Kwenye troti kichwa kinapaswa kutulia. Kwa hiyo farasi au punda anayeitikia kwenye troti anachechemea mguu wa mbele: kichwa kinapanda pale mguu wenye maumivu unapotua, kinashuka mguu mzima unapotua. Kwa farasi wa mwendo laini dalili hii hujificha ndani ya kuitikia kwake kwa kawaida. Usiulize kama anaitikia. Angalia kama anaitikia sawa kushoto na kulia.

Kipimo kile cha simu kinasaidia hapa pia, na kinawafaa punda wetu kuliko farasi wa mtu yeyote. Mpige video punda akitembea bila mzigo, mara moja kwa upande wa kushoto na mara moja kwa kulia, plasta ikiwa kwenye kwato za upande unaopima. Punda mzima atakupa namba iliyo karibu na robo pande zote mbili, na hazitapishana sana. Ukipata 24 kushoto na 16 kulia, duru tano kwa tano, acha hesabu. Inua kwato za kulia, anza na ya mbele, safisha tope kwa ncha ya kijiti butu, tafuta jiwe, ufa au mahali panaponuka. Bonyeza kisigino cha kwato kwa kidole gumba na utazame kama anavuta mguu. Kisha vua mkanda wa kifuani na uangalie chini yake, kwa sababu kidonda cha mkanda nacho hufupisha hatua ya mguu wa mbele, na plasta haitakuonyesha hilo.